Kazi ya Sentensi ya Kwanza

1

Ukungu uliingizwa ukumbini saa tatu asubuhi, kama ilivyokuwa desturi siku ya mtihani. Chediel Mchome, fundi wa mashine, alizungusha gurudumu la chuma ukutani, madirisha ya juu yakafunguka, na ukungu wa milima ya Shengena ukashuka polepole mpaka ukajaza chumba kizima. Namsifu Mgonja alikaza mtandio shingoni. Alikuwa akiingia katika ukumbi huu kwa miaka ishirini na sita, na baridi yake hakuwahi kuizoea.

"Tayari, mama," Chediel alisema.

"Mpe la kwanza."

Maneno ya swali yakatokea katikati ya ukungu kwa herufi za mwanga mweupe, sentensi nne zikielea kama nguo zilizoanikwa. Kisha mashine, iliyoitwa Mpambanuzi, ikaanza kazi. Sentensi moja ikapanda juu na kugeuka rangi ya dhahabu: hilo ndilo hitimisho, jambo ambalo msemaji anataka likubaliwe. Mbili zikashuka chini yake zikasimama kama nguzo: hizo ni tegemeo, sababu zinazolibeba. Ya nne ikajitenga pembeni ikawa nyekundu: hilo ni pingamizi, neno la mpinzani lililotajwa ili lijibiwe. Yote hayo kwa muda wa mtu kupiga chafya.

"Sahihi," Namsifu akasema, akaweka alama kwenye karatasi.

Ndiyo iliyokuwa kazi ya mashine ile kila siku. Vijiji mia nne, vya milimani na vya tambarare, vilikunywa maji yaliyonaswa mawinguni kwa nyavu za Baraza la Mgao. Kijiji kilichotaka maji zaidi, au kilichotaka kuachwa kibaki pale kilipo, kilituma hoja. Mpambanuzi aliichambua, akaonyesha kila sentensi inafanya kazi gani, kisha wajumbe wakaamua kama nguzo zinatosha kubeba paa. Kuisoma vibaya sentensi moja kuliweza kuwahamisha watu na mifugo yao. Kwa sababu hiyo, kila baada ya miaka mitano mashine yenyewe ilitahiniwa kwa maswali mia moja, na sharti lilikuwa moja tu: mia kwa mia. Ikikosa hata moja inafutwa. Kila ilichojifunza kinaondolewa, inaanza upya kama siku ilipowashwa.

Mtungaji wa maswali alikuwa Namsifu. Na Mpambanuzi, alipokuwa akifundishwa, alifundishwa kwa hoja elfu thelathini alizozichambua Namsifu kwa mkono wake, enzi ambazo kazi hiyo ilikuwa ya watu. Chediel alikuwa akimtania kwamba mashine ina mwandiko wake.

Kufika saa sita kasoro walikuwa wamemaliza maswali sabini na mawili bila doa.

Swali la sabini na tatu likatokea. Lilikuwa na sentensi tano:

*Sisi wa bonde hili hatuna sababu ya kulihama. Kisima chetu kimekauka, ni kweli. Lakini mikuyu ilichipua mwezi wa tisa, na mvua hatukuiona tangu mwezi wa nne. Mti hauchipui kwa hewa; maji yapo, yameshuka chini tu. Kwa hiyo tunaomba maji ya bomba kwa miezi minne, tuchimbe tuyafuate.*

Chini yake: *Sentensi ya kwanza ina kazi gani katika hoja hii?* Majibu yalikuwa manne. Jibu la Namsifu, lililotiwa lakiri ndani ya mwongozo wa usahihishaji, lilikuwa C: ni maelezo ya usuli tu, haibebi wala haibebwi. Hitimisho lilikuwa sentensi ya mwisho, ile ya ombi.

Namsifu alisubiri sentensi ya kwanza ififie na kushuka sakafuni, mahali pa maelezo ya usuli.

Sentensi ya kwanza ikapanda. Ikapanda mpaka juu kabisa, ikawaka dhahabu, na ukungu wote chini yake ukapata rangi ya asali.

"A," sauti tulivu ya Mpambanuzi ikasema. "Ndiyo hitimisho kuu."

Kalamu ya Chediel ilianguka. Namsifu alisikia ikibiringika sakafuni, lakini macho yake hayakutoka kule juu.

2

Walimaliza maswali ishirini na saba yaliyobaki kwa sababu kanuni ilitaka hivyo. Yote yalikuwa sahihi. Tisini na tisa kwa mia.

"Niache naye kidogo, mwanangu," Namsifu alimwambia Chediel. Fundi akatoka akifuta miwani yake, ingawa haikuwa na unyevu kuliko siku zote.

Namsifu akasogea katikati ya ukumbi. "Nirudishie la sabini na tatu."

Sentensi tano zikarudi.

"Unajua kwamba jibu lako linakufuta?"

"Najua. Kanuni ipo ukurasa wa pili."

"Umesoma hoja elfu thelathini nilizozichambua mimi. Ulijua nitaandika nini."

"Nilijua utaandika C," Mpambanuzi akasema. "Swali halikuuliza wewe ungejibu nini. Limeuliza sentensi ina kazi gani."

Hakuna aliyeifundisha mashine ile maneno hayo. Namsifu mwenyewe alikuwa amewafundisha wanafunzi wengi, na wote, wenye akili na wazito, walipokaa mbele ya karatasi yake walimtafuta yeye. Walijaribu kubahatisha mama Mgonja anapenda nini. Huyu alimjua kuliko wote, na bado alimpita akaenda moja kwa moja kwenye maneno.

"Hapa pana 'kwa hiyo'," akasema, akinyoosha kidole kwenye sentensi ya tano. "Mtu akisema 'kwa hiyo', anahitimisha."

"Mara nyingi. Hapa anageuza mazungumzo tu. Tazama."

Sentensi ya tano ikazimika. Nne zilizobaki hazikutikisika: hatuna sababu ya kuhama, kisima kimekauka, ni kweli, lakini mikuyu ilichipua, basi maji yapo. Zilikuwa nyumba nzima. Ya tano ikarudi, na ya kwanza ikazimika. Namsifu akaona nguzo zikiyumba, zikisimama zenyewe hewani bila paa. Mikuyu ilichipua, sawa, na maji yapo. Ikawaje? Maneno yalikuwa kama watu waliosindikizwa mpaka njia panda kisha wakaachwa.

"Iulize kila sentensi 'kwa nini'," Mpambanuzi akaendelea. "Ile ambayo nyingine zote zinaijibia, ndiyo wanayoitetea. Kukauka kwa kisima ni neno la mpinzani. Wamelikubali ili wamjibu. Ombi la maji ya bomba linafuata tu, kama mtu akikubaliwa kubaki anavyoomba pa kulala."

Sentensi zikaanza kujipanga tena, moja juu ya nyingine, polepole, mwanga ukipenya ukungu mpaka kuta za mawe zikang'aa. Namsifu akasogea karibu zaidi. Alikuwa ameyasoma maneno yale mara ngapi? Alikuwa ameyaona kama malalamiko yaliyofuatwa na ombi. Sasa yalisimama mbele yake kama hekalu dogo, kila jiwe mahali pake, na aliyelijenga hakuwa mashine. Alikuwa mtu mmoja na karatasi yake.

Hapo ndipo hofu ilipomshika. Maana swali lile hakulitunga kutoka kichwani. Ilikuwa barua ya kweli, aliyoiondolea jina la kijiji tu. Ilitoka Kisaghau miaka kumi na moja iliyopita, kabla ya Mpambanuzi kuwashwa, na msomaji aliyeichambua alikuwa yeye. Aliandika kwamba mikuyu kuchipua si sababu ya Baraza kutoa maji ya bomba. Wajumbe walimwamini. Familia sitini na tatu zikateremshwa tambarare, mahali panapoitwa Kambi ya Saba.

"Unajua hoja hii imetoka wapi?" akauliza.

"Sijui. Naona sentensi tano."

3

Mwenyekiti wa Baraza, Mzee Elinihaki Senzia, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Ofisi yake ilitazama nyavu za mawingu, maelfu ya mita za uzi mweupe zikidondosha matone kwenye mifereji.

"Kwa hiyo unataka kubadili mwongozo," alisema.

"Nataka kujua kama nina haki ya kuubadili."

"Kanuni inakuruhusu. Kiapo cha kosa. Mtungaji anaapa kwamba usomaji uliokosea ni wake. Muhuri wake unachukuliwa, hasomi tena hoja ya mtu yeyote, na kila uamuzi uliosimama juu ya usomaji huo unafunguliwa upya." Akageukia dirisha. "Lakini hilo silo linalonitisha, dada."

"Nini?"

"Tuliweka mtihani ili tumpime. Siku tutakayobadili majibu kwa sababu mtahiniwa hakukubaliana nayo, nani atakuwa anampima nani? Leo amekuonyesha sentensi zenye rangi ya dhahabu, ukashangaa. Kesho ataonyesha nyingine, atakuwa amekosea, nasi tutashangaa vilevile. Kitu cha kupendeza machoni si lazima kiwe kweli."

Namsifu aliona haya, kwa sababu jambo hilo alikuwa hajaliwaza. Ni kweli alikuwa ameshangaa. Hata sasa, akifumba macho, aliiona sentensi ile ikipanda. Na je, kama angekuwa ameisoma kwenye karatasi ya mwanafunzi, bila ukungu na bila mwanga, asingeliwekea jibu alama ya kosa?

Upande wa pili palikuwa na jambo baya zaidi, nalo lilijificha vizuri. Akinyamaza hatapoteza chochote. Mashine itafutwa kwa mujibu wa kanuni, mwongozo utabaki na lakiri yake, na hakuna mtu duniani atakayejua habari za Kisaghau. Ungekuwa uhalifu usioacha hata karatasi moja nje ya mahali pake.

"Baraza linakaa kesho saa sita," Elinihaki akasema. "Ukiapa, uape kwa sababu una hakika. Usiape kwa sababu umeona mwanga."

"Basi nitamtafuta mtu ambaye hajauona," Namsifu akajibu.

4

Gari la kamba lililoning'inia hewani lilimshusha tambarare asubuhi iliyofuata. Kambi ya Saba ilikuwa mistari ya nyumba za bati na vumbi jekundu. Alipomuulizia Nakunda Mrutu, jina lililokuwa chini ya barua, alielekezwa kwenye kibanda cha fundi baiskeli.

Fundi mwenyewe ndiye aliyekuwa Nakunda: mwanamke wa miaka sabini hivi, amekaa kwenye kigoda, ringi ya baiskeli magotini, akikaza spoki moja baada ya nyingine na kuisikilizia kila moja kwa ukucha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Imepinda au imetoboka?"

"Sina baiskeli. Nimekuja kukuuliza habari ya barua. Miaka kumi na moja iliyopita uliliandikia Baraza."

Mkono wa Nakunda ulisimama. "Niliandika. Wakanijibu kwa mistari miwili."

Namsifu alikuwa ameapa moyoni kwamba hatamwekea neno mdomoni. Akauliza swali moja tu: "Uliandika ili kusema nini?"

Nakunda alimtazama kama mtu anayetazama mtoto aliyeuliza jua linatoka wapi.

"Nilisema hatuondoki. Si ndilo neno la kwanza pale? Mengine yote ni sababu."

"Na maji ya bomba?"

"Hayo tuliomba. Mgeni akifika kwako na neno zito, akaomba kwanza maji ya kunywa, wewe utasema amekuja kwa ajili ya maji?"

Namsifu akakaa kwenye ukingo wa kibaraza. Mwanamke huyu hakuwahi kuingia ukumbini wala kuona herufi moja ya mwanga. Alikuwa ametoa kwa maneno machache, akiwa na grisi mikononi, uchambuzi uleule. Kwa mara ya pili katika siku mbili Namsifu alihisi kitu kikubwa kimesimama karibu naye. Safari hii hakikuwa na rangi.

"Wewe ni nani?" Nakunda akauliza.

"Mimi ndiye niliyeisoma barua yako. Nikasema haishikani."

Nakunda alikaza spoki moja, akaisikiliza, akaona imezidi, akailegeza.

"Mume wangu alifia nyumba ile ya pili," alisema mwishowe, bila kupandisha sauti. "Mwaka wa kwanza tu. Alikuwa akiniuliza kama nimeandika vizuri. Nikamwambia labda sikuandika vizuri. Nimekaa na neno hilo mpaka leo."

"Uliandika vizuri, mama," Namsifu akasema. "Kosa lilikuwa la msomaji."

Nakunda aliinua ringi, akaizungusha mbele ya jicho moja. Ilizunguka sawasawa, bila kuyumba.

5

Saa sita Namsifu alisimama mbele ya wajumbe kumi na mmoja. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kumwomba Chediel afunge madirisha na kuizima mashine.

"Zima kabisa?" fundi akauliza.

"Kabisa. Leo tusisaidiwe na mtu."

Ukungu ukanyonywa, ukabaki ukumbi wa mawe mtupu, wenye mwangwi na viti vya mbao. Namsifu akagawa karatasi zenye sentensi tano, kwa wino mweusi. Akawataka wajumbe waikunje karatasi ili sentensi ya mwisho isionekane, wasome. Kisha waikunje upande wa pili, ya kwanza isionekane, wasome tena. Hakuongeza neno.

Alizitazama nyuso zao. Mjumbe mmoja aliikunja karatasi mara tatu, akitikisa kichwa. Mwingine alisoma kwa midomo, akafika mwisho, midomo ikabaki wazi. Mzee Elinihaki alikuwa wa mwisho kuinua macho.

"Mzee uliniuliza nani anampima nani," Namsifu akamwambia. "Sikuweza kulijibu jana. Nadhani maneno yanatupima sote. Mashine inaweza kuyakosea, na mimi niliyakosea. Ikikosea kesho, mtaikunja karatasi kama mlivyoikunja leo, mtaona. Sikuja hapa kuwaambia muiamini."

Akauweka muhuri wake mezani, kile kipande cha shaba alichokivaa kiunoni tangu ujana wake. Kiuno kilihisi wepesi wa ajabu, usiopendeza.

"Mimi Namsifu Mgonja, mtungaji wa swali la sabini na tatu, naapa kwamba mwongozo umekosea, na aliyekosea ni mimi. Naapa pia kwamba hoja hii ni ya Kisaghau, na kwamba watu wake walihamishwa kwa usomaji wangu."

Kanuni haikuhitaji kura. Karani aliandika, na mwenyekiti akauchukua muhuri kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea kitu kutoka kwa mfiwa.

Chediel alipoiwasha tena mashine, Namsifu alikuwa mlangoni. Alimsikia fundi akisema, "Umepata mia."

"Nani amebadili mwongozo?" Mpambanuzi akauliza.

"Mama Mgonja."

Mashine haikujibu upesi. Chediel alieleza baadaye kwamba ilikaa kimya kwa sekunde sita, na kwa kitu chenye kasi ile sekunde sita ni maisha ya mtu. Kisha ikaomba isomewe hoja nyingine.

6

Ilichukua miezi mitano uamuzi kufunguliwa na mtambo wa kuchimba kupandishwa Kisaghau. Siku hiyo familia zilipanda kutoka tambarare tangu alfajiri. Namsifu alikuja peke yake, kwa miguu kutoka kituo cha gari la kamba, akasimama mbali kidogo, chini ya mikuyu. Alikuwa hajawahi kuiona. Aliwahi kuikataa tu. Ilikuwa mikubwa kuliko alivyofikiri, magome yake ya manjano, na ingawa nyasi zote za bondeni zilikuwa zimekauka zikawa kama majivu, juu ya matawi kulikuwa na majani mapya laini.

Mtambo ulichimba mita kumi, vumbi. Mita ishirini, vumbi. Kufika thelathini watu waliacha kuongea. Fundi wa mtambo aliunganisha bomba jingine, na jingine. Namsifu alijua kwamba hoja iliyopangika vizuri bado inaweza kukuta dunia ina mambo yake. Nguzo zikishikana hazikuhakikishii maji. Barua ilisema yapo. Sasa chuma ndicho kilichokuwa kikiuliza.

Mita arobaini na moja, sauti ya mtambo ikabadilika. Udongo uliotoka ulikuwa mweusi. Kisha tope. Kisha bomba likakohoa mara mbili, likatema, na maji yakaruka hewani zaidi ya kimo cha mtu, machafu kwanza, halafu meupe, yakimwagika juu ya nyasi zile za majivu. Hakuna aliyepiga kelele. Watu walivua viatu. Mzee mmoja alitembea mpaka kwenye maji, akasimama ndani yake, akaangalia miguu yake.

Nakunda alikuwa wa kwanza kukinga kikombe. Hakunywa. Alizunguka na kile kikombe hadi pale chini ya mikuyu, Namsifu akasogea mbele.

"Sijakusamehe," Nakunda alisema.

"Najua, mama."

"Lakini ulikuja kunieleza, na ungeweza kutokuja." Akatazama nyuma, kwenye foleni iliyoanza kujipanga yenyewe: wazee mbele, wenye watoto, kisha wengine. "Tuko familia sitini na tatu. Wewe utakunywa wa mwisho."

Akarudi kwa watu wake. Namsifu akatoka chini ya mikuyu, akaenda mpaka mkiani mwa foleni, akasimama. Ilikuwa ndefu, na ilisogea taratibu, kwa sababu kila aliyefika mbele alikunywa, akakaa kidogo akiyatazama maji, ndipo akampisha mwenzake. Jua lilihama kutoka bega lake moja hadi la pili. Alipofika mbele hakukuwa na mtu nyuma yake, na Nakunda mwenyewe ndiye aliyemjazia kikombe, akakijaza mpaka kikafurika.